Kitani

"Simama hivyo hivyo," akasema, "usitikisike,
fanya kama unafanya kazi."
Nikasimama na bunda langu la kitani begani
nikiwaza: kazi gani hii isiyosogea?

Kitani hakikatwi, mtu asikudanganye.
Hung'olewa na mizizi yake, konzi baada ya konzi,
mgongo umepinda tangu jogoo hadi kengele ya jioni,
na viganja vikichanika palepale vilipochanika jana.
Hilo halichoreki.
Kinachochoreka ni kusimama.

Bwana Ildefons alitoka Ghent na mwavuli na kiti cha kukunja.
Akaniomba nivue viatu vyangu vya mti.
Nikamwambia visiki vya ngano vinachoma,
hapa hakuna aendaye pekupeku ila bata.
Akasema miguu mitupu ndiyo ukweli.
Nikavua. Faranga moja na nusu ni faranga moja na nusu,
na msimamizi alinikata ujira wa siku nzima
bila kuuliza ukweli unalipa kiasi gani.

Nyuma yangu alikuwa kaka yangu Livinus,
ndani ya mto Leie hadi kifuani,
akipanga mawe juu ya kreti ili mabunda yazame yaoze.
Kuoza ndiyo kazi yenyewe:
uzi hauachani na bua mpaka maji yawagombanishe.
Wiki hizo mto hunuka, mkate hunuka,
padri hunuka akiinua kikombe.
Na Livinus alikuwa akikohoa,
vumbi la Januari, la banda la kupondea,
lilimkaa kifuani hata akiwa majini mwezi wa Julai.
Bwana alimtazama, akafumba jicho moja,
akapanda mti pale alipokuwa.
Mti mzuri. Majani yake yanameta.

Siku tatu nilisimama.
Siku ya tatu nzi alinitua mdomoni na sikumfukuza.

Mwaka uliofuata picha ikaletwa Kortrijk, ukumbi wa manispaa,
Jumapili bure kwa watu wote.
Nilikwenda peke yangu. Livinus tulikuwa tumemzika Kwaresima,
katika shuka ya kitani aliyokuwa akiilalia.

Nikajiona, mkubwa kuliko mlango wa nyumba yetu.
Mabibi wenye kofia walinong'ona:
utulivu ulioje! tazama anavyowaza mbali!
Nilikuwa nimebanwa na mkojo tangu saa nne.
Nilikuwa nawaza kichaka.

Wasema mchumia juani hula kivulini.
Mimi nilichuma juani,
kivulini nikatundikwa.

Lakini kabla sijaondoka kitu kilinipata puani.
Si harufu ya mto; mto wake ulikuwa msafi kama wa Biblia.
Ni mafuta. Niliyajua kabla sijajua kwamba nayajua:
mbegu zetu, zile tunazozichana kwa chanuo la chuma
na kuzipeleka kwa magunia kwenye kinu cha Van Overbeke.
Rangi zote zilikuwa zimekorogewa humo,
shavu langu, anga, ule mti.

Nikasogea mpaka pembeni, penye ukingo ambao fremu haikufunika,
pale rangi ilipokoma na nguo ikabaki uchi.
Nikapitisha ukucha.
Mshono wa wima, mshono wa ulalo, kifundo,
kifundo kingine, uzi mnene uliopita bila kuchambuliwa.
Mwaka wa mvua, nikasema moyoni.
Kile kilichokaa majini siku mbili zaidi
kwa sababu Livinus alikuwa na homa na hakuna aliyekitoa.

Mlinzi akanishika kiwiko.
"Mama, haigusiwi. Unatafuta nini hapo?"

"Naangalia," nikamwambia, "kama kilioza vizuri."